Omega Iliyobaki Nyembamba

Naikumbuka Jumamosi ile, mwanangu, nilipofika kijijini Hombolo, nyumbani kwa Mzee Ndahani, msimamizi wangu wa masomo, na tasnifu yangu mkononi na majivuno tele. Siku ya kukabidhi ilikuwa Jumatatu. Nikikosa, nafasi ya kufundisha chuoni anapewa mwingine. Na nilivyoitaka nafasi ile, jamani, acha tu.

Mzee alikuwa mtu wa chaki. Kila herufi iliyosimama badala ya vekta, yaani kiasi chenye ukubwa na mwelekeo, aliipigia mstari chini, mtu asije akaidhani ni namba ya kawaida. Sisi vijana wa LaTeX, ile programu ya kuchapia hesabu kwa amri, tulimcheka. Vitabuni vekta huandikwa kwa herufi nzito, na mimi kompyuta nilishaiamuru: `\mathbf` kila mahali. Kazi kwisha!

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umesoma karatasi, au umesoma amri zako?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alinipa penseli nyekundu, akanikalisha barazani nipigie mstari kila vekta kwa mkono, kurasa zote, kama mtoto wa darasa la pili. Nilinuna, mwanangu! Mkewe akaniletea zabibu, nikazikataa.

Ukurasa wa arobaini na moja penseli ikasita. Herufi v ilikuwa nene, safi kabisa. Omega, ile ya Kigiriki niliyoiweka isimame badala ya vekta ya mzunguko wa maji ya bwawa nililolitafiti, ilikuwa nyembamba kana kwamba sikuiamuru kitu. Kumbe amri ile haizigusi herufi ndogo za Kigiriki, na kompyuta haikulalamika hata kidogo. Kurasa mbili mbele, mimi mwenyewe mwandishi nilikuwa nimeiona nyembamba, nikaidhani namba, nikagawanya kwayo. Nani anagawanya kwa vekta? Sura nzima ilikuwa upuuzi mtupu. Nililia pale pale barazani.

"Kuagiza kufyekeza," Mzee akasema taratibu. "Ukituma watu wakafyeke shamba, nenda ukaone kama majani yamelala."

Nikaweka amri nyingine, `\boldsymbol`, omega ikanenepa. Hesabu niliirudia Jumapili kutwa, hata kanisani sikwenda, Mungu anisamehe. Jumatatu nikakabidhi. Nafasi niliipata, ndiyo maana leo wewe mwanafunzi wangu umekaa hapa Area D kwangu unakunywa chai yangu.

Sasa nasikia unatamba kwamba kompyuta yako haijaonyesha kosa. Haya! Yangu nayo haikuonyesha. Chapisha kazi yako, usome karatasi ile ile atakayoshika mwenzako, kwa kuwa yeye hatakuwa na moyo wako wa kumwelekeza ulitaka kusema nini. Na mzee akikupa kazi ya kitoto, ifanye kwanza, kununa baadaye.

Penseli nyekundu hii hapa. Na zabibu hizi kula, usije ukajuta kama mimi. Mungu akupe macho yasiyo na haraka, mwanangu, na ulilolikusudia moyoni lifike kwenye karatasi likiwa zima.