Nilichogusa Ndani ya BIOS

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ilikuwa Jumanne ya mwezi wa saba, katika ile baridi ya Nyeri ambayo hata saa sita mchana unaona pumzi yako ikitoka kama moshi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa karani katika zahanati ndogo juu ya Wamagana, na kazi yangu ilikuwa kuandika habari za wagonjwa kwenye laptopu moja kuukuu tuliyopewa na wafadhili.

Nakusimulia haya kwa sababu jana nilikuona ukiiwasha kompyuta yako na kubonyeza vitufe ukicheka, ukisema unataka kuona ndani kuna nini. Mimi pia nilitaka kuona.

Muuguzi aliyetusimamia, Sista Nyambura, alikuwa ameenda semina huko Mwea, na zahanati aliniachia mimi na muuguzi mwenzake. Asubuhi ile mtu wa pikipiki alileta majibu ya damu kutoka maabara ya mjini. Yalikuwa ndani ya flashi. Nikayanakili kwenye laptopu, akaondoka na flashi yake. Nilipoyafungua niliona wanawake wajawazito watatu wamewekewa alama nyekundu: waitwe haraka. Wawili majina yao niliyashika kichwani mara moja, mmoja jirani yetu, mwingine ana jina la mama yangu. Jina la tatu nililisoma tu, likapita.

Ningewapigia simu dakika ile ile. Lakini mashine ilikuwa nzito, kila ukurasa unafunguka kwa kusuasua, na rafiki yangu aliyesomea kompyuta alikuwa ameniambia kwamba chini ya ile picha nzuri tunayoiona kuna programu ndogo inayoamka kwanza. Inaitwa BIOS. Ndiyo inayotambua vifaa kabla ya kitu kingine chochote: diski iko wapi, kumbukumbu ni kiasi gani, feni izunguke lini. Aliniambia ukiingia huko unaweza kuifanya mashine iwe nyepesi. Hakuniambia zaidi ya hapo, nami sikuuliza.

Nikaizima, nikaiwasha, nikabonyeza kitufe cha F2. Ukatokea ukurasa wa buluu uliojaa maneno ya Kiingereza. Nilibadilisha mambo matatu au manne, mwanangu, na hata leo siwezi kukuambia yote. Mahali pa diski palikuwa na neno fulani, nikaweka lingine kwa sababu lilionekana la kisasa. Nikahifadhi, nikatoka.

Mashine ikawaka. Ikaonyesha maandishi meupe, ikajizima. Ikawaka tena, ikajizima. Nilikaa mbele yake nikiitazama ikifanya hivyo mara kumi, na mikono yangu ikawa baridi mpaka nikaiweka chini ya makwapa.

Jioni Sista alipiga simu. "Kazi iko sawa huko?"

"Iko sawa, Sista," nikasema.

Hilo ndilo kosa lenyewe. Kuingia kwenye BIOS kulikuwa kosa dogo.

Jumatano niliwapigia wale wawili niliowakumbuka, wakaja. Yule wa tatu jina lake lilinikimbia kabisa. Katika daftari la zahanati kulikuwa na wanawake zaidi ya thelathini waliotolewa damu wiki iliyotangulia. Ningeweza kuwapigia wote. Ningeweza kuipigia maabara wanisomee majina upya. Lakini wangeniuliza kwa nini, na jibu lingemfikia Sista kabla sijaweka simu chini. Basi nikanyamaza, na kila mwanamke mwenye mimba aliyepita mlangoni nilimtazama usoni nikijiuliza kama ni yeye. Yule muuguzi niliyeachwa naye aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni baridi.

Alhamisi asubuhi nilifunga laptopu ndani ya shuka nikashuka nayo mjini Nyeri, kwa fundi mmoja aliyeitwa Mama Kabui. Alikuwa mama wa makamo, ameanza na redio akaja kwenye kompyuta, na alifanyia kazi katika chumba kidogo juu ya duka la dawa za mifugo. Nilimwambia umeme ulikatika, na stima iliporudi ikarudi kwa nguvu, mashine ikagoma.

Akaiwasha, akaitazama ikijizima. Akachukua bisibisi. "Kama ni stima, basi hii diski imeungua. Nitakuwekea ingine. Kazi yenye ilikuwa ndani, hiyo usahau."

Akaanza kufungua skrubu. Ya kwanza. Ya pili. Nikaona yule mwanamke nisiyemjua jina anaondoka pamoja na hiyo diski. Nikanyosha mkono nikaishika laptopu.

Mama Kabui akasimama na bisibisi mkononi. "Mbona unaishika hivyo, mami?"

"Si stima," nikasema. "Niliingia kwa BIOS. Nikabadilisha vitu."

Hakupaza sauti. Alirudisha skrubu mbili alizotoa, akaiwasha mashine, akabonyeza F2, akanigeuzia ule ukurasa wa buluu. "Hapa kwa diski, ulikuta imeandikwa nini?"

"Sikumbuki, Mama."

"Na hapa?"

"Sikumbuki."

Akaweka bisibisi mezani. "Sikia. Kuingia hapa si dhambi, mimi huingia kila siku. Lakini wewe ulibadilisha kitu hujui, hukuandika vile ilikuwa, halafu ukanidanganya. Ningekutolea diski nzima na haina makosa. Ungenishukuru na uende."

Hakuna aliyenichapa maishani mwangu nikaumia hivyo.

Alipita mstari mmoja baada ya mwingine, akirudisha, akiandika kila alichogusa kwenye kipande cha karatasi. Alipofika kwenye diski aliweka neno ambalo mashine za aina ile huja nalo kutoka kiwandani, akahifadhi. Mashine ikawaka na safari hii haikujizima. Nikafungua yale majibu nikiwa nimesimama. Jina la tatu lilikuwa Wairimu, mimba ya miezi saba, damu imepungua sana.

Nikapiga simu pale pale. Ilishikwa na mama mkwe wake. "Wairimu amelala," akasema. "Tangu jana akisimama anaona giza. Tulifikiria ni uchovu."

Nilimwambia amlete hospitali kubwa sasa hivi, asingoje gari la bei nafuu, asingoje mume. Walimleta amebebwa na watu wawili. Aliongezewa damu siku hiyo hiyo. Daktari aliyempokea alimwambia Sista baadaye kwamba kwa hali aliyokuwa nayo, asingependa kuona siku nyingine moja ikipita. Wairimu alipona, akajifungua mtoto wa kike. Lakini mimi najua zile siku mbili alizokaa bila kuitwa, mpaka akaanza kuona giza, zilikuwa kosa langu.

Nilimwambia Sista Nyambura kila kitu aliporudi. Hakunifukuza. Wiki nzima aliniambia la kazi tu, na adhabu hiyo ilinitosha.

Basi mwanangu, sikukatazi kuifungua BIOS. Ijue mashine yako. Lakini kabla ya kubadilisha chochote, piga picha ya ukurasa kwa simu yako, uwe na pa kurudi. Badilisha kitu kimoja, uone, ndipo uende kingine. Usichokielewa kiache, utoke bila kuhifadhi. Ukiweka neno la siri huko ndani, liandike mahali, maana ukilisahau hata fundi atahangaika. Vitu vya watu vilivyo ndani, nakili kwingine kwanza. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, sema kwa anayeweza kusaidia, useme yote. Woga utakushauri ungoje kidogo. Usiusikilize, kwa sababu wewe unapongoja, kuna mtu mahali anaumia na hajui ni kwa sababu yako.

Mungu akupe akili ya kujifunza na mikono iliyotulia. Akupe na ujasiri wa kusema nimekosea ukiwa bado na muda. Uende salama, na kazi yako isimdhuru mtu.