Siku Mama Alipolia Msiba Kwenye Posa Yangu

Jamani, hata leo nikikutana na mtu wa mtaa ule wa Njombe najifanya natafuta kitu mfukoni, lakini wacha niwasimulie, maana aibu nimeshaizoea, uchungu ndio bado.

Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa, nilikuwa na kibanda Makambako karibu na stendi, nauza sabuni, mafuta ya kujipaka, dawa za meno na miswaki (ndiyo, miswaki, chekeni tu). Mama yangu alikuwa anaishi kijijini, Mdandu. Fizi zake zilivuja damu tangu niko shule ya msingi, anasukutua maji ya chumvi, jino likilegea analing'oa mwenyewe anaendelea kupalilia, na sisi tunasema ni uzee, wala hakuwa mzee. Halafu akaanza kusahau. Anabandika maharage, anaondoka kwenda shamba. Shangazi yangu akija, Mama anamwita kwa jina la marehemu bibi. Tukasema na huo ni uzee.

Basi nikapata mchumba, Imelda, wa familia ya Kikatoliki pale Njombe, na siku ya kupeleka posa Mama akasema lazima aende. Ningemkataliaje? Ila kinywa chake kilinuka usaha, na mimi, kijana wa suti ya mtumba, nikaona atanitia aibu. Mlangoni nikamnong'oneza, "Mama, jifunike mdomo na kitenge, usiseme neno, baba mdogo ndiye atakayeongea." Akaitika kama mtoto.

Ndani wazee wamekaa kimya, wanawake wamejitanda vitenge kwa baridi. Mama akaangalia huku na kule, na nadhani kichwani mwake mambo yakajipanga hivi: watu kimya, nimeambiwa nijifunike, ninyamaze, basi hapa kuna msiba. Baba mdogo alipoanza tu, "Wazee wangu, tumekuja..." Mama akaangua kilio, kilio chenyewe, cha kuita kijiji kizima.

"Mama, nyamaza!" nikamshika mkono. Akazidisha. Sasa bibi yake Imelda alikuwa mgonjwa chumbani, majirani wote wanajua, waliposikia wakasema bibi ameondoka, wakaja wanalia tangu njiani, mmoja na kuni begani, mwingine ameshatuma mtu akagonge kengele ya kanisa (bahati nzuri hakumkuta katekista). Katikati ya zogo hilo mlango wa chumbani ukafunguka, bibi mwenyewe huyo, anashikilia ukuta.

"Mnanililia mimi? Mbona hamkunisubiri?"

Watu wakacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Baba yake Imelda akasimama, uso ameukunja. "Mama, hapa hajafa mtu. Unamlilia nani?"

Mama akashusha kitenge. "Namlilia Festo wangu. Hamkumjua? Alikuwa mtoto mzuri."

Festo ni mimi, na mkono wake nilikuwa bado nimeushika. Nikamwambia, "Mama, Festo ndiye mimi." Akanitazama kwa huruma, akanipigapiga begani. "Ahsante, baba, kwa kuja kunifariji."

Hakuna aliyecheka tena. Bibi mgonjwa akajikokota, akaketi kando yake, akamkumbatia, kinywa cha Mama kikinuka hivyo hivyo, wakalia wote wawili.

Posa haikusemwa siku ile. Ilikuja kusemwa baadaye, na Imelda nilimwoa, ila harusini Mama alikuwa akiwauliza wageni bwana harusi ni nani. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, kila nikifika ananisalimia "Kamwene", salamu ya kwetu, kama vile mimi ni msafiri anayepita, na jina langu hakulitaja tena mpaka tunamzika.

Majuzi nimekwenda kutibiwa jino, daktari, binti mdogo tu, akaniambia wataalamu wanachunguza kama ugonjwa wa fizi unahusiana na kupoteza kumbukumbu. Nikamuuliza, kwa hiyo ni fizi ndizo zilizomchukua mama yangu?

"Siwezi kusema hivyo, mzee. Huenda kuna uhusiano, haijathibitika. Ila fizi zikivuja damu huo ni ugonjwa, na unatibika."

Nikatoka nikakaa kwenye ngazi za nje, mtu mzima na mvi zangu, mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimefiwa. Labda angenisahau hata kama angetibiwa, sijui, hakuna ajuaye. Lakini alikuwa anaumwa mbele ya macho yetu. Siku hizi mtu wangu akiumwa namuuliza kwanza panauma wapi, na watu waseme watakavyo.