Usiifute Barafu Kabla Hujaisoma

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na minne, baba alifariki na shule yangu ikafia hapohapo, darasa la nne. Nikaenda kuomba kazi kiwanda cha barafu, Tanga. Kwa hiyo, mwanangu, wewe unayesoma haya na digrii yako mkononi, usinitafutie makosa ya nukta na mkato. Nitafutie makosa ya kazi. Moja nakupa mwenyewe.

Ninayoikumbuka kuliko zote ni siku tajiri wa kiwanda alipokuja kukagua. Nilitaka anione. Kando ya tangi la amonia, ile gesi ya kugandishia, palikuwa na bomba jembamba la wima, limetandwa na barafu nyeupe kutoka chini hadi usawa wa kifua changu. Mimi nikaona uchafu. Nikachukua kisu na gunia, nikalikwangua mpaka likang'aa. Fundi Shekue, mzee aliyeendesha mitambo ile, alipoingia alisimama kama mtu aliyeibiwa.

“Nani kafuta?”

“Mimi, babu. Nimesafisha.”

“Umesafisha! Hapo ndipo ninaposoma amonia imefika wapi. Barafu ikipanda, tangi linajaa. Chini ikikataa kushika, ujue mafuta ya mashine yamekaa humo. Sasa nisome nini, kipara chako? Kaa hapo mpaka iandike tena!”

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Tajiri akapita, akanikuta nimekaa. Hivyo ndivyo alivyoniona.

Sasa njoo Sydney, Australia, nilikohamia ukubwani, mwaka 2021, watu wamefungiwa majumbani kwa corona. Sisi wa ghala la baridi la kuku tulikuwa tunaruhusiwa kutoka, maana watu lazima wale. Mimi nilikuwa chumba cha mitambo. Mke wangu Zuhura alikuwa upande wa pili wa ukuta, akipakia kuku na wenzake. Injinia wetu Kevo, kijana wa Nairobi, alikuwa amejifungia chumbani kwake Kensington, mtaa mwingine wa mji huohuo, akilitazama tangi letu kwenye kompyuta kupitia sensa, kipimo cha umeme kinachosoma amonia imefika wapi. Tangi la amonia, mwanangu, analitazama akiwa amevaa kandambili!

Asubuhi moja kompresa ikaanza kugonga. Nikashika bomba linaloingiza mvuke wa amonia kwenye mashine hiyo: baridi kali isivyo kawaida. Amonia ya maji ilikuwa inakaribia kumezwa na mashine iliyoumbwa kumeza mvuke. Ikimeza maji, inapasuka, na gesi haitauliza mke wa nani yuko nyuma ya ukuta. Nikampigia Kevo.

“Mzee wangu, relax. Level ni forty. Haijasonga tangu Monday.”

“Kuku wanaingia, wanatoka, milango inafunguliwa kutwa, na tangi halijasonga siku nne? Hiyo ni namba au ni maiti?”

“Basi ni sensa. Nita-order ingine.”

“Itakuwa ya tatu! Umeshawahi kuliona hilo bomba sensa inapokaa?”

“Mzee, please, usizime kitu. Kuna procedure. Watakufuta kazi.”

Nilizima. Nikafunga na njia inayolisha tangi, nikawatoa Zuhura na wenzake nje. Meneja akanipigia kelele kwenye simu mpaka nikaiweka juu ya meza, nikaenda kulitazama bomba la sensa. Nikalikuta linang'aa. Halina barafu hata chembe.

Na hapa ndipo hasira yangu inaponirudia mwenyewe. Ofisi ilikuwa imetoa amri, kwa ajili ya corona, kila kitu kifutwe kwa dawa kila baada ya saa mbili. Mfutaji wa chumba kile alikuwa nani? Mimi. Siku nne nilikuwa nalifuta bomba lile kwa mikono hii, kwa sababu karatasi ilisema.

Nikapindua ndoo, nikakaa. Baada ya saa nzima barafu ikarudi juu yote, ila chini, kipande cha shubiri moja, kikabaki kitupu. Mafuta. Yalikuwa mazito, yameziba njia, sensa ikabaki inapima kilichonaswa mle. Mtambo ukaamini tangi lina kiu, ukaendelea kulimiminia. Mimi na mwenzangu Tavita tukavaa barakoa za gesi, maana zile za kitambaa hazizuii amonia, tukayatoa mafuta polepole. Kevo akapiga simu mwenyewe.

“Mzee! Imeruka mpaka ninety!”

“Ilikuwa huko tangu zamani. Wewe ndiye uliyefika sasa.”

Mwanangu, namba isiyosogea wakati kazi inasogea, usiifurahie, ihoji. Kabla hujaagiza sensa mpya, nenda lilipo tangi, sikiliza kompresa, tazama bomba, uliza kama njia ya kuifikia sensa iko wazi. Na ukipewa amri ya kufuta kitu, uliza kwanza nani anakisoma. Nilifundishwa hilo nikiwa mtoto, nikalisahau nikiwa na mvi.

Mungu akupe macho ya kutazama vitu vyenyewe, na akurudishe nyumbani kila jioni na vidole vyako vyote.

Leo nina nyumba ya matofali Doonside, hapahapa Sydney, vyumba vitatu. Pikapu moja nyeupe. Masanduku mawili ya spana. Barakoa ya gesi, yangu mwenyewe. Ndoo moja ya kupindua. Na Zuhura, ambaye amesoma hapa begani kwangu, anasema yeye si mali ya mtu, nimtoe kwenye orodha.