Maneno Niliyomtungia Mama

Siku hiyo tulikuwa barazani kwetu Mjambere: mdogo wangu wa kike, aliyerudi kutoka chuoni anakosomea uuguzi, kitindamimba wetu, ambaye sasa ananipita kwa kimo, na mimi, mkubwa wao, nikikuna nazi. Mama pia namhesabu. Yumo kaburini mwaka wa tisa, lakini siku hiyo alikuwepo.

Mdogo wangu alinipa karatasi yake. Walikuwa wameambiwa waandike juu ya kumtunza mgonjwa nyumbani, naye akaandika kama alivyozoea sekondari: akaanza na wahenga, akalilaza jua magharibi, akamfanya mama afumbe macho akitabasamu baada ya kuniambia, "Msomeshe mdogo wako." Sekondari, insha kama hiyo mwalimu alilisomea darasa zima, na wenzake wakalia. Chuoni, mhadhiri alikuwa amewakata wahenga kwa kalamu nyekundu. Kando ya maneno ya mama aliandika: "Nani aliyasikia? Muulize, kisha uandike upya."

"Chuo hicho chataka mashahidi kama kwa kadhi," kitindamimba akacheka.

"Nyamaza wewe. Hata barua ya kuomba kazi waandikiwa." Kisha akanigeukia, kalamu mkononi. "Dada, wewe ndiwe ulokuwepo. Nieleze alivyosema, neno kwa neno. Ijumaa narudisha."

Mimi sekondari niliishia kidato cha pili. Nilichojua kuhusu kuandika ni kwamba ukikosa jambo unalitunga, na likipendeza unapewa alama. Ndivyo nilivyofanya baada ya mazishi. Mdogo wangu alikuwa amekataa kurudi shule, nikamtungia maneno ya mama. Akarudi. Kila alipochoka niliyarudia, hadi mwenyewe nikawa nayasikia kwa sauti ya mama.

Ukweli ni kwamba alasiri aliyofariki mama aliniita mara mbili. Nilikuwa chumba cha pili, namalizia insha ya mwalimu. "Abee mama, naja," nikaitika, nikaendelea kuandika hadi nukta ya mwisho. Nilipoingia, kikombe kilikuwa kimeanguka na mkeka umelowa maji. Alitaka kuniambia nini, sijui. Hadi leo, nikiwa peke yangu nyumbani, huitika na hapana aliyeita.

"Dada?"

"Maneno yale ni yangu," nikamwambia. "Mama hakuyasema."

Kitindamimba aliacha kucheka. Mdogo wangu alinitazama kama mtu aliyefika kwake akakuta mlango umehamishwa.

"Sasa alisema nini?"

"Aliniita."

"Halafu?"

"Nikaenda."

Akaandika hivyo. Mama aliita, dada akaenda. Hakuongeza wahenga wala jua.

Karatasi ilirudi wiki iliyofuata. Chini mhadhiri alikuwa ameandika kwamba sasa inaaminika. Mdogo wangu alinionyesha kwa furaha, nami nikampa hongera. Deni lake bado ninalo: sijamwambia muda uliopita kati ya kuitwa na kwenda.