Kitanda cha Mama Mkwe

Hadi leo nikikumbuka mwili hunisisimka. Mimi, mwalimu mzima, mtu wa kuvaa tai, nililala kwenye kitanda cha mama mkwe wangu, tena nikakoroma.

Naomba nieleweke. Ilikuwa miaka ya tisini, nikifundisha Homa Bay. Mama mkwe alikaa Uriri, huko Migori, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Habari zikaja kwamba madaktari wa macho wangefika hospitali yetu kwa siku mbili tu. Akizikosa siku hizo, mke wangu aliniambia, mama atabaki gizani. Tukatuma ujumbe aje.

Shida ikawa atalala wapi. Kwetu Wajaluo mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe, hata inyeshe mvua ya mawe. Hata kutazamana usoni tunakwepa. Mke wangu alitaka amlaze kwa jirani. Nikakataa katakata. Watu wa Uriri walikuwa wakinisema kwamba mimi ni maskini wa Kiingereza kingi, na nilitaka mama arudi akawasimulie jinsi mkwewe alivyomlaza hotelini.

Nikazunguka mji mzima. Hoteli nzuri zilikuwa ghali, na za bei nafuu zilikuwa na kunguni. Jumamosi nikaingia mtaa wa zamani karibu na gati, pale penye maduka ya Wahindi yenye nguzo za mbao na mabati yenye kutu. Mtaa ulikuwa umechangamka: cherehani barazani, redio kila duka, samaki wakikaangwa njiani. Juu ya duka la vitambaa palikuwa na lojing'i, hoteli ndogo ya kulala wageni. Milango ya samawati, sakafu nyekundu inayong'aa, mapazia ya lesi, roshani ya kutazama ziwa! Nilipotajiwa bei, ilikuwa ndogo hata nikamwomba mwenyewe airudie. Alikuwa mama wa Kiislamu kutoka Mombasa, mcheshi, bangili zimejaa mkononi.

"Jaribu kitanda, mwalimu," akasema. "Godoro jipya hilo."

Nikakaa. Nikajinyoosha, miguu ikaning'inia nje. Upepo wa ziwa ukaingia dirishani. Nilizinduka mwenye hoteli akigonga mlango na kucheka, jua limeshainama. Nikalipia siku tatu, nikaenda zangu nikipiga mluzi. Haki ya Mungu, sikufikiri.

Jumatatu mama akafika, ameshikwa mkono na mke wangu. Mimi nilifuata hatua kumi nyuma kama inavyotakiwa, nimebeba kikapu chenye kuku wake. Akapapasa pazia, akapapasa godoro, akatabasamu. Nilijiona bwana mkubwa.

"Karibu, mama," mwenye hoteli akasema. "Usiwe na wasiwasi na kitanda. Mkweo mwenyewe alikijaribu Jumamosi. Alilala hapo hapo, akakoroma mpaka alasiri!"

Mama aliutoa mkono kwenye godoro upesi kana kwamba limemuunguza. Kiswahili cha sokoni alikijua vizuri, kwa bahati yangu mbaya.

"Nani alilala?"

"Si mwalimu huyu hapa mlangoni!"

"Yaye! Nyasaye!" Akamwita Mungu kwa Kijaluo, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mkwe wangu, kwa hii kitanda? Mnataka chira iniue?"

Chira ni ile laana ya kukonda na kufa inayomwandama aliyevunja mwiko, na hakuna daktari anayeitibu. Nilitamani ardhi inimeze. Mama akashuka ngazi akipapasa ukuta, akakaa barazani kando ya fundi cherehani, mfuko mapajani, akasema anangoja gari la Uriri.

"Mama, daktari ni kesho," mke wangu akamwambia, akilia.

"Afadhali niwe kipofu."

Mke wangu akanigeukia, na jinsi alivyonitazama sijasahau. Mtu angebaki kipofu kwa sababu ya mapazia ya lesi na majivuno yangu. Nilijiona mpumbavu, na kweli nilikuwa mpumbavu.

Mwenye hoteli alipoelezwa, alishtuka kutushinda sote. "Mdomo wangu huu!" akasema, akajipiga kofi midomoni. Kisha akachuchumaa mbele ya mama. "Njoo ulale chumbani kwangu. Hajaingia mwanamume humo tangu afe mume wangu. Mimi nitalala kule juu."

Mama akafikiri mpaka fundi akamaliza kushona mkono mzima wa shati.

"Chumba yako iko wapi?" akauliza.

Kilikuwa uani kando ya jiko, kimejaa magunia ya makaa na harufu ya samaki. Ndimo alimolala mama. Kwa hiyo nililipa ili mwenye hoteli alale katika hoteli yake mwenyewe.

Jumanne akapasuliwa jicho la kulia. Jumatano wakamfungua bendeji, nami nikajibanza mlangoni mwa wodi. Alitazama dirisha. Akamtazama binti yake, akamshika kidevu. Kisha akageukia mlangoni. Tangu nimwoe binti yake, kwa mama yule nilikuwa kivuli tu chenye sauti. Hakuwahi kuiona sura yangu, wala kuniuliza neno. Nikainamisha kichwa, nikingoja ageukie ukuta kama desturi. Hakugeuka.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, mama," mke wangu akajibu.

Akanipima kuanzia nywele mpaka viatu.

"Na urefu wote huo, miguu uliiweka wapi kwenye kile kitanda?"

"Ilining'inia, mama," nikasema, macho yakiwa sakafuni.