Betri Zilizoanikwa Juu ya Bati

Kaseti ililetwa Iguguno na dada mmoja wa Singida mjini aliyekuwa akisoma chuo kimoja na kaka yangu huko ng'ambo. Alikuwa amekuja likizo, na siku ile alikuwa anapita kwenda Shelui kwa shangazi yake. Alishuka kwenye basi, akauliza kwetu ni wapi, akatukuta mama na mimi tunapepeta alizeti.

Huko ng'ambo sisi tulikuita Urusi. Kaka alishatuambia kwamba si Urusi, ni nchi nyingine iliyopakana nayo, na kwamba wenyewe wakisikia unawaita Warusi hawafurahi. Lakini mdomo ulishazoea.

"Mwanangu mzima?" mama akamuuliza yule dada hata kabla hajaitikia shikamoo yake.

"Mzima, mama. Mwenyewe atawaambia humo." Akampa kaseti. "Nitapita tena Jumapili kurudi. Kama mna la kumjibu, mrekodi mnipe."

Alipokuwa anasema hivyo alitazama viatu vyake. Jambo hilo lilinikaa moyoni. Ila lazima niseme na hili: pale tulipokuwa tumesimama palikuwa na matope, huenda binti wa watu alikuwa anatafuta tu pa kukanyaga.

Redio kaseti hatukuwa nayo. Alikuwa nayo mwenye duka wa jirani, Mnyaturu aliyehamia kutoka Mtinko maduka ya watu binafsi yalipoanza kujaa vitu. Kwake ulipata sabuni ya unga, sweta za mtumba, hata miwani ya jua. Betri kubwa ndizo zilikuwa zimekwisha wiki ile. Alikuja na redio yake begani, akamwamkia baba, akatuonya mapema juu ya betri zake.

"Mawe yamechoka haya. Tusikilize haraka haraka."

Tulikaa barazani: baba, mama, mwenye duka na mimi. Nikabonyeza. Kwanza kelele za viti, kisha sauti nzito, inayojivuta kama mtu anayepanda mlima na mzigo.

"Shi-ka-moo ba-ba. Shi-ka-moo ma-ma."

Mama akaisogelea redio. "Huyu si mwanangu."

"Ni betri, mama," mwenye duka akasema.

"Betri nayo inaumwa kifua?"

"Zikiisha nguvu sauti inalala. Hata mimi ukiniweka humo nitaongea kama babu."

Baba akainua mkono tunyamaze. Kaka alikuwa anasema kwa taabu kwamba masomo yanaendelea, kwamba baridi imepungua, kwamba mkate sasa wanaupangia foleni kwa sababu nchi yenyewe inabadilika na hakuna anayejua kesho itakuwaje. Kila neno lilizidi kushuka. Halafu tukasikia hivi, na ninaapa tulisikia wote wanne: "Ju-ma-mo-si i-li-yo-pi-ta tu-me-fu-ngwa..."

Redio ikanyamaza.

Nilibonyeza tena. Nikaipigapiga mgongoni. Mwenye duka akazitoa betri, akazigonganisha, akazirudisha. Wapi.

Sasa msomaji anaweza kuona tulikuwa wajinga, na sitabisha sana, mimi shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini mwaka ule jirani yetu mmoja alikuwa amefungwa kwa kesi ya ng'ombe, na neno hilo kwetu lilikuwa bado bichi. Mtu akisema fulani kafungwa, watu walitazama upande gerezani uliko. Ongeza na ile sauti. Ilikuwa sauti ya mtu aliyelala sakafuni.

"Kafungwa na nani?" baba akauliza, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa kwenye kaseti.

"Hakusema, baba."

"Wanafunzi hawafungwi bure. Kafanya nini?"

"Huko wanafunga hata bila kosa," mwenye duka akasema. "Niliwahi kusikia." Alipoona mama anashika kichwa, akaongeza, "Lakini nilisikia tu. Sikuona."

Akazichukua betri akapanda kwenye kinu, akazipanga juu ya bati la jiko letu ziote jua. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya, betri ikioteshwa jua inapata uhai kidogo. Bahati mbaya mawingu yalikuwa yameshafunga na jua lilikuwa linaelekea kuzama. Ikabidi tungoje hadi kesho yake.

Woga nilioupata hapo katikati sijui niuandikeje. Kaka alikuwa ametutumia picha moja amesimama penye theluji. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani amesimama juu ya pamba. Sasa nikawa naona nyuma ya ule weupe kuna ukuta, na nyuma ya ukuta yuko yeye, hana sweta. Nilisonga ugali ukawa na mabuje. Hakuna aliyelalamika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu baba hakuwa mtu wa kuyanyamazia mabuje.

"Nataka arudi," mama akasema.

"Aliyefungwa anarudije?"

"Wewe ndiye uliyempeleka asome. Utajua anarudije."

Nataka kuwa wa haki kwa baba. Hakumlazimisha kaka. Alifurahi tu alipochaguliwa kwenda, akafurahi kwa sauti mbele ya watu, na sasa ile furaha ilikuwa kama mali ya mtu mwingine aliyoikuta nyumbani kwake. Aliamua kwamba Jumatatu angekwenda Singida ofisi ya elimu, akasimame mlangoni mpaka aambiwe namna ya kumrudisha mtoto. Mama akasema Jumatatu ni mbali.

Asubuhi jua lilitoka kali. Mama alikaa chini ya lile bati na fimbo mkononi kuwafukuza kunguru, kwa maana kunguru wa kwetu huchukua chochote kinachong'aa. Jirani mmoja akapita akamuuliza anaanika nini. Mama akajibu, "Namwanika mwanangu." Yule jirani alicheka akidhani ni utani, akaenda zake.

Betri zilipopata moto zikateremshwa. Nikabonyeza. Sauti ya kaka ikatoka nzima, ileile ya siku zote, ya haraka na ya majivuno kidogo:

"...tatu bila, baba! Na wale wa kemia, watu wasiojua hata kukimbia! Golikipa wetu kijana wa Mali, mpira unapita, yeye anapuliza vidole."

Mwenye duka akaziba uso kwa mikono miwili. Huyu alikuwa mshabiki wa mpira asiyekosa kutangaza matokeo. "Na mimi kila Jumapili nasema tumefungwa, tumefungwa," akasema. "Imenipitaje hii?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka. Mama hakucheka. Aliacha kaka amalize habari za mpira, za mtihani, za kabichi wanayopikiwa kila siku, mpaka upande ukaisha.

"Geuza," akaniambia.

"Huenda upande wa pili hakuna kitu, mama."

"Geuza."

Upande wa pili kaka aliongea Kinyiramba, lugha yetu ya nyumbani, na aliongea polepole, na safari hii haikuwa betri. Alisema, mama, hii ni yako. Alisema baada ya ule mpira vijana walikuwa wanawangoja yeye na wenzake nje ya uwanja na vyuma. Vijana hao hawakuwajua wala hawakuwa wamegombana nao. Walitaka tu watu weusi waondoke, kwa sababu mkate umekuwa haba na wao ndio wanaoonekana kwa urahisi kwenye foleni. Yule golikipa wa Mali alikuwa hospitali, taya limevunjika. Yeye kaka alipigwa upande wa kichwa, na sikio lilikuwa linalia kama nyuki. Tangu siku hiyo bibi anayelinda bweni lao alikuwa akiwafungia mlango jioni na kulala na ufunguo. Aliwapikia supu, aliwagombeza kama bibi yeyote, na vijana wale walipokuja kugonga aliwatukana kupitia dirishani mpaka wakaondoka. Nayaandika ya bibi huyo kwa makusudi, maana kaka mwenyewe alisema tusiichukie nchi nzima.

Kisha akasema, kwa hiyo nimefungwa kweli, mama. Nimefungiwa ndani nisiuawe. Uhuru wa kutoka nje sina tena, naenda darasani na kurudi nikikimbia. Naogopa. Usimwambie baba.

Baba alikuwa amekaa palepale.

Mwenye duka alikuwa bado ana tabasamu la mpira. Kinyiramba alikisikia nusunusu tu. "Anasemaje?" akauliza.

Baba alitazama redio. "Anasalimia," akasema.

Siku nzima mama alirudia upande ule. Alikuwa ameshajifunza kubonyeza mwenyewe. Nilimwambia betri zitakwisha, akasema bado jua lipo. Nadhani alikuwa anasikiliza lile sikio kama atalisikia likilia.

Jumapili asubuhi ilibidi kumjibu, basi la yule dada lilikuwa karibu kufika na kaseti nyingine hatukuwa nayo. Tukakubaliana kuzifuta habari za mpira, turekodi mahali pake. Betri zilikuwa zimeota jua kidogo tu. Nikashikilia vitufe viwili pamoja kama mwenye duka alivyonifundisha, nikampa mama ishara.

Mama alikuwa amesema "arudi" tangu Ijumaa, na nilijua atakachosema, lakini alipokiona kile kitundu cha kusemea alianza kwa kuuliza kama anavaa soksi. Halafu akakohoa, akasema kwa Kinyiramba: "Ukiona imezidi, rudi. Rudi hata bila cheti. Hapa hakuna wa kukucheka, na atakayekucheka nitamjibu mimi. Mlango wetu haufungwi kwa ufunguo."

Nikampelekea baba redio. Nilimwogopa kuliko siku zote, maana sikujua atamvunja mama au atajivunja mwenyewe. Aliishika kwa mikono miwili.

"Msikilize mama yako," akasema.

Basi likapiga honi. Nikakimbia na kaseti barabarani.

Baada ya hapo tukangoja. Kila gari lililosimama mbele ya duka, mama alisimama. Kaka hakurudi. Miezi ilipita, tukapata salamu kupitia kwa watu kwamba ni mzima na anaendelea. Nilimwona mama akijiuliza kama mwanawe amelikataa neno lake. Hilo lilimuuma kwa namna yake, ingawa hakulisema, na huenda mimi ndiye ninayemwekea maumivu hayo.

Kaka alirudi amemaliza, daktari wa mifugo. Siku moja tumekaa jikoni, akakumbuka ile kaseti akaanza kucheka.

"Mlirekodi na betri mbovu nyie. Huko niliiweka kwenye redio ya umeme, mkatoka mbio kama vifaranga. Mama: chi-chi-chi-chi. Baba: chi. Bweni zima walikuja kusikiliza. Sikuambulia neno hata moja, lakini nilicheka, na nilikuwa sijacheka tangu nipigwe." Akafuta machozi ya kicheko. "Siku zile mtu angeniambia rudi, ningerudi kwa miguu."

Mpaka leo nikifikiria, woga unanirudia, na sijui ni woga wa nini: kwamba aliachwa kule peke yake na neno la mama liko mfukoni mwake, au kwamba nusura alisikie.

"Mlisema nini?" akaniuliza.

Nilimtazama mama. Alikuwa anachambua mlenda, ameinama.

"Nilikusalimia," mama akasema.

Alilisema neno hilo upande wa lile sikio alilopigwa, ambalo lilikuwa limekufa kabisa. Kaka akageuza kichwa, akamletea lile zima. "Eti?"

Mama akainuka na ungo wake, akazunguka, akakaa upande wa sikio zima.