Aliyechaguliwa Kulisemea Banda

Wivu wangu ulianza na mmea. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu yeyote aliyelima mchicha chini ya vioo vilivyopasuka, akiziba nyufa kwa gundi na karatasi za nailoni, kisha akasoma jinsi bangi itakavyotunzwa mahali hapohapo, angeuonea wivu vilevile. Bangi ingewashiwa taa zake yenyewe. Ingepewa joto, feni, maji yaliyochujwa, ua wa chuma na mlinzi getini. Mchicha wangu ulikuwa na mimi tu, na mimi nilikuwa na zamu za kutunza wazee, kwa hiyo niliufikia nikiwa hoi.

Banda letu la vioo lilikuwa upande wa magharibi wa Hounslow, pale nyumba zinapokwisha na mashamba machache yaliyobaki yanapoanza. Ndege za Heathrow zilishuka juu yetu hadi tukaona magurudumu. Mwenye banda alikuwa mzee wa Kiingereza aliyewahi kupanda nyanya humo, naye alipochoka akatukodisha sisi wanawake wachache, kila mmoja na tuta lake. Mimi nililima managu, kunde na mchicha. Jirani yangu wa tuta, Mzanzibari, alilima vitu vilevile, ila managu yeye aliyaita mnavu, na kila aliponisikia nikisema managu alitabasamu kama mtu anayesamehe.

Huyo ndiye alikuwa wivu wangu wa pili, na ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Sote tuliuza mboga kwa watu wa makanisa na misikiti, na kwa duka moja kule Kenton la familia ya Kihindi iliyotoka Kisumu. Mafungu yangu yalikuwa manono kuliko yake, na hilo hata yeye alilijua. Lakini akishakupa fungu lako, alikuongezea konzi moja ya majani juu, akisema, "Hii ya watoto," hata kama huna mtoto. Watu walisahau fungu, wakakumbuka konzi. Mwenye duka alimpigia simu yeye kwanza. Mzee wa banda alimletea yeye chai, na mimi akaniuliza kama nimefunga bomba.

Kisha karatasi ya halmashauri ikafungwa kwenye nguzo ya geti. Kampuni fulani ilitaka kubomoa vioo na kujenga jengo refu lisilo na dirisha, ipande humo bangi ya kutengenezea dawa, na serikali ilikuwa imeshairuhusu kuipanda. Kilichobaki kilikuwa ruhusa ya kujenga. Kampuni ilisema bangi ni zao kama nyanya, kwa hiyo ardhi ingebaki ya kilimo. Wakazi wa njia ile walisema hicho ni kiwanda kilichovishwa nguo za shamba, wakalalamika juu ya harufu, malori na wezi. Mzee kaamua kuuza iwapo ruhusa itapatikana, na simlaumu.

Mimi sikuwa na ugomvi na dawa. Mmoja wa wazee niliowatunza alikuwa na miguu inayokakamaa hadi analia, na kama jani lingemlaza usingizi, basi na lipandwe. Ugomvi wangu ulikuwa na sakafu. Niliichunguza michoro yote ya jengo, nikaona saruji ukuta hadi ukuta, na mimea imesimama kwenye trei. Udongo tuliouhangaikia miaka kwa mbolea ya farasi ungefukiwa. Siku moja nikiwa jikoni nakatakata vitunguu nikajisemea kwa sauti, "Ni kilimo gani hiki kisichogusa udongo?" Binti yangu, aliyezaliwa hapahapa na ambaye Kiswahili anakisikia tu, akainua macho kutoka kwenye simu.

"That's actually good, Mum," akasema. "Say that."

Nikajua nimeipata sentensi ya kuwaambia. Kikao cha halmashauri kilitoa nafasi mbili kwa wapinzani, moja ya wakazi na moja yetu sisi wapangaji, dakika tatu kila mmoja. Tukakutana bandani kuchagua msemaji. Nilikuwa nimesoma kila ukurasa. Nilikuja na michoro kwapani. Wenzangu wakamchagua Mzanzibari.

"Dada, wewe uko na hasira," mmoja wao, Mkenya mwenzangu, akanieleza kwa upole ulioniudhi zaidi. "Watu wa council hawataki kelele. Huyu ako na maneno mazuri."

Mzanzibari alikuwa akipukusa kunde, macho chini. Alisema tu, "Mkishanchagua, mie siwezi kuwavunja."

Nyumbani nilizipiga sufuria moja juu ya nyingine hadi binti yangu akatoka chumbani, akanisikiliza, akasema, "Mum, you're just jealous." Nikamwambia ndiyo, na chakula kiko mezani.

Siku ya kikao nilipanda basi pamoja na Mzanzibari. Alinukia udi, kajitanda mtandio wa hariri, na mimi nilivaa viatu vya kazini kwa sababu nilitoka moja kwa moja kwenye zamu. Nilimpa sentensi yangu. Iliniuma kumpa, lakini banda lilikuwa banda langu pia.

"Usisahau sakafu," nikamwambia. "Uwaulize, ni kilimo gani kisichogusa udongo."

"Sisahau, shoga. La sakafu litasemwa."

Ukumbi ulikuwa na zulia la kijivu na saa ukutani inayohesabu kurudi nyuma. Mkazi alisema yake kuhusu malori, akaketi hata muda haujaisha. Kisha akaitwa yeye. Alikwenda mbele taratibu, akalirekebisha vazi lake, akaanza kwa Kiingereza chake cha polepole, kila neno limepigwa pasi.

Alimsalimu mwenyekiti. Aliwasalimu madiwani, akawauliza kama hawajambo, na akangoja jibu. Hakuna aliyejibu kwa sababu hakuna aliyejua kwamba anangojwa. Akaendelea kungoja, mpaka karani mmoja akasema wazima, asante. Aliulizia familia zao. Alishukuru kwa maji yaliyowekwa mezani. Aliwaomba radhi waliokaa nyuma yake kwa kuwapa mgongo. Akawageukia hata watu wa kampuni, akasema nao wametoka mbali, poleni na safari. Mimi nilijifinya paja. Saa ilikuwa inashuka nami naiona, na nafsini mwangu, sitaficha, kulikuwa na sauti ndogo inayofurahi. Waone sasa. Hayo ndiyo maneno mazuri waliyoyataka.

"Leo sikuja peke yangu," akasema. "Nimekuja na mwenzangu, na yeye ndiye ajuaye. Tulipoingia banda lile udongo ulikuwa mgumu kama tofali. Yeye ndiye aliyebeba mbolea mgongoni. Mbegu zangu za kwanza zilikufa zote, naye akanigawia zake bila kuniuliza. Karatasi zenu kazisoma zote, mimi sikuzisoma." Akanigeukia. "Shoga, simama wakuone."

Nikasimama. Kengele ikalia.

Mwenyekiti alimshukuru, akasema muda umekwisha. Mimi nilibaki wima, sentensi yangu imefika kwenye meno, na ukumbi mzima ukinitazama. "Tafadhali keti," mwenyekiti akaniambia. Nikaketi.

Baada ya hapo diwani mmoja mwanamke, mwenye miwani kichwani, alimuuliza afisa wa mipango kama kweli hiki ni kilimo. Afisa akajibu kwamba mmea ni mmea. Diwani akatazama karatasi zake, akatazama upande wetu, akangoja kidogo. Hakuna aliyemwambia habari za sakafu. Mikono ikainuka, na maombi yakapita.

Kituoni nilimfungulia domo. "Umesalimia watu mpaka time ikaisha! Hata wale maadui umewapa pole! Na banda limeenda!"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani kwa nini hawakukupa nafasi?"

"Nafasi gani?"

"Shoga, mie nilifungua tu. Si kama kwenye posa? Mmoja hufungua kwa salamu, akamtaja mwenye maneno yake, na mwenye maneno akapewa nafasi aseme. Wale dada walipokunyima weye niliona vibaya, lakini sikutaka kuwavunja mbele ya watu. Nikasema moyoni, n'takupisha hukohuko." Akanishika mkono. "Hukusimama? Si ulisimama? Nilidhani sasa watakusikiliza."

Basi lilikuja. Tuliketi kiti kimoja, yeye akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Tulipokaribia kituo changu alitoa mfuko kwenye pochi yake, mchicha aliouchuma asubuhi ile kwenye tuta lake, akaniwekea mapajani. "Hii ya watoto," akasema.

Vioo vilibomolewa majira ya kuchipua yaliyofuata. Sasa napita pale kwa basi nikienda kazini, na jengo limekaa kimya, refu, jeupe, lina mlinzi getini kama walivyoahidi. Yeye kapata kipande cha bustani karibu na Kenton, na yule mwenye duka bado humpigia yeye kwanza. Wenzetu wa banda bado husema alituangusha, nami huwaacha waseme, kwa sababu nikianza kueleza nitalazimika kueleza yote.

Ningechaguliwa mimi, ningezitumia dakika zote tatu. Ningesema sakafu, ningesema udongo, pengine tungeshinda, na yeye ningemwacha ameketi nyuma na mtandio wake bila kumtaja hata kwa nusu sentensi. Banda nimeshalisahau. Kinachonichoma hadi leo ni kwamba nilisimamishwa mbele ya watu nikasifiwa na mtu ambaye mimi nisingemsifu.